Sabato ya Jumatano

Nyumba yetu ya Shika Adabu ina sheria moja ambayo sikuitunga mimi. Ijumaa, jua likishakaribia kutua, cherehani inanyamaza. Iwe kuna gauni la harusi lililobakisha upindo mmoja, iwe mwenye nguo amekaa mlangoni na pochi mkononi, inafunikwa kitambaa na haifunuliwi mpaka Jumamosi magharibi. Sheria hiyo ni ya mavyaa yangu, mama wa mume wangu, Msabato aliyezaliwa na Wasabato huko bara, milimani kwenye ndizi na baridi, akaletwa Mombasa na mumewe aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Mzee alipofariki, mavyaa aliiacha nyumba ya kupanga ya Changamwe akaja kukaa nasi, na Sabato yake akaja nayo.

Mimi ni wa Rabai, na kanisa letu ni la Jumapili. Kwa hiyo katika nyumba hii Jumamosi hatushoni kwa ajili yake na Jumapili hatushoni kwa ajili yangu. Wateja wananiita fundi wa siku tano. Mwanzoni nilikasirika, sifichi. Jumamosi ndiyo siku watu wa maofisini na viwandani wanapopata nafasi ya kuja kupimwa, nayo ndiyo siku niliyokuwa nikikaa kitako kutazama ukuta. Nilinung'unika kwa mume wangu, naye akanijibu kwamba Mama ni Mama, jibu ambalo wanaume hulitoa wakishakata shauri la kutoingia kwenye jambo.

Lakini hasira yangu haijui kukaa muda mrefu, huchoka ikageuka maswali. Ndivyo nilivyo. Nilipokuwa darasa la kipaimara niliwahi kutolewa nje kwa kuuliza kama samaki hawakuwa na dhambi, maana gharika haikuwafanya kitu. Basi nikaanza kumchokonoa mavyaa. Kazi ni nini hasa? Kutunga uzi kwenye sindano ni kazi? Akasema ni kazi ikiwa nia yako ni kushona. Kuchuma mchicha? Kazi. Kuokota nazi iliyodondoka yenyewe? Alifikiri kidogo, akasema kuokota si kazi, kuifua ndiyo kazi. Kujikuna kichwa si kazi, kusuka nywele ni kazi. Kumbembeleza mtoto wa jirani anayelia si kazi hata kama unatoka jasho. Alinijibu yote bila kukunja uso, na baada ya muda nikagundua kwamba anayangoja. Inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alikuwa na mambo mengi ya kuulizia. Chai hanywi, anakunywa maji moto na ndimu. Nguruwe hali, na hilo hapa kwetu si la ajabu, lakini vilevile hali pweza, hali kamba, hali ngisi, wala samaki yeyote asiye na magamba. Kukaa Likoni usile pweza! Jioni akipita penye supu ya pweza pale stejini huinamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Jirani yetu wa upande wa kulia, bibi wa Kiislamu ambaye ukoo wake uko hapa tangu hapajawa na barabara, ndiye aliyekuwa akimtania zaidi. Mtaa mzima tunamwita bi mkubwa. Alikuwa akisema nguruwe huli, tembo hunywi, siku yako yaanza magharibi kama yetu, basi umebakisha shahada tu. Na mavyaa humjibu kwamba wewe nawe umebakisha siku moja tu, ukisogea mbele kidogo tutakutana. Walikuwa wameyasema hayo mara nyingi mno, na bado waliyacheka.

Huyo bi mkubwa niliwahi kumuuliza kwa nini siku ambayo mavyaa anaiita ya saba, sisi kwa lugha yetu tunaiita Jumamosi, siku ya mosi. Akasema Ijumaa ndiyo kichwa, ikishapita hesabu huanza upya. Nikamuuliza, basi mbona baada ya Jumatano, ambayo ni ya tano, inakuja Alhamisi, nayo kwa Kiarabu ni ya tano? Siku mbili za tano katika wiki moja? Aliniangalia akaniuliza kama mimi nashona nguo au nafukua makaburi.

Sasa, mavyaa alijuaje siku? Hilo nalo nilimuuliza. Kusoma macho yalikuwa yamemchoka, simu yake ilikuwa ya kupokea tu, na kalenda aliyopewa kanisani aliitundika nyuma ya mlango kwa ajili ya picha. Akaniambia bila aibu yoyote kwamba anajulishwa na msikiti. Siku nyingine zote spika huadhini ikanyamaza. Ikiwa adhuhuri na baada ya adhana ukasikia hotuba ndefu, ukaona wanaume wanapita na kanzu zilizopigwa pasi na watoto wametiwa mafuta, basi ni Ijumaa, siku ya maandalio. Tangu Changamwe, alisema, Mungu alimpa majirani wenye spika, na hajawahi kupitwa.

Hotuba ikianza, yeye huinuka. Maharagwe yanachaguliwa na kutiwa jikoni, chapati zinapikwa za siku mbili, mitungi inajazwa maji, nguo ya kanisani inapigwa pasi ya makaa, viatu vinapakwa rangi, nyumba inafagiwa mpaka chini ya vitanda. Kisha anaoga, anafunga kitambaa cheupe, anachukua kitabu chake cha nyimbo na kukaa sebuleni kungoja jua liondoke. Hapo anafungua Sabato kwa wimbo na sala, na kesho yake wakati kama huo anaifunga. Nilipenda maneno hayo ya kufungua na kufunga. Niliyasikia kila wiki, nikabaki kujiuliza huko ndani kuna nini.

Katika sala ya kufungua alikuwa na ombi moja ambalo halikukosekana hata mara moja. Alimwombea mwanawe. Mume wangu alilelewa Msabato, lakini anafanya kazi ng'ambo ya feri kwenye yadi ya makontena, kazi ya zamu, na zamu haijui Jumamosi. Alianza kukosa siku moja moja kwa sababu ya kazi, kisha akakosa nyingine kwa sababu ya uchovu, mwisho akawa anakosa kwa sababu ya mpira. Hakugombana na mtu, wala hakuhama. Aliacha polepole, hivyo tu. Mama alimwombea kwa sauti, yeye akiwa chumba cha pili anasikia, akimtaja kama yule mtoto.

Kisha Mama akaanza kusahau. Mboga ikatiwa chumvi mara mbili. Sufuria ya maji ikaachwa motoni ikakauka ikaungua. Siku moja alikaa akilitafuta jina la kitinda mimba wake, na alipolipata hakufurahi, aliogopa, nami nilimwona. Mume wangu akasema ni uzee. Mimi nilijua kwamba yeye mwenyewe anajua, maana alianza kuficha. Ukimuuliza jambo asilolikumbuka alikuwa anacheka na kuuliza wewe waonaje. Lakini Ijumaa haikuwahi kumponyoka. Tulijipa moyo na hilo. Tulisema madhali Ijumaa inamkuta tayari, hajapotea.

Basi mwaka ule Idi ikaangukia Jumanne.

Asubuhi msikiti ulijaa mpaka mikeka ikatandikwa barabarani. Kanzu mpya, kofia mpya, watoto na manukato yao, takbiri kwenye spika, na baada ya swala hotuba ndefu. Mimi nilikuwa hoi. Nilikuwa nimeshona madera na kanzu za watu wiki nzima, na siku hiyo nilikaa barazani bila kazi nikiziangalia zikipita, nikikagua mishono yangu kwa mbali. Mume wangu alikuwa nyumbani, amepata sikukuu. Bi mkubwa akatuletea sinia la pilau, na kwa kuwa kwetu sinia halirudishwi tupu, mavyaa akaliosha akatia ndizi mbivu akalirudisha mwenyewe. Aliporudi aliomba makaa ya pasi.

Nikaona anachagua maharagwe. Nikaona anakanda unga. Alasiri akawa anapaka viatu rangi, vyake na vya mwanawe. Nikadhani anajitayarisha kwa maombi ya akina mama, ambayo kwao huwa Jumatano, nikasema moyoni heri mkono wake bado mwepesi. Mimi nikarudi kwenye cherehani kumalizia sare ya shule ya mtoto mmoja.

Jua lilipokuwa linatua akatoka chumbani ameoga, kitambaa cheupe kichwani, kitabu cha nyimbo mkononi. Akaketi mahali pake.

"Mwanangu," akaniambia, "jua limekwenda. Funika hiyo."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Kisha nikamtazama vizuri, nikaona uso wake umetulia ule utulivu wa Ijumaa, na kicheko kikanikauka. Alikuwa amesikia hotuba na kuona kanzu. Alikuwa amehesabu sawasawa kwa kipimo chake cha miaka yote, ila kipimo hakikujua kwamba kuna Idi, na kumbukumbu iliyokuwa ikimjuza miaka mingine haikuwapo tena.

Mume wangu akatokea mlangoni mwa chumba, na fulana yake ya ndani. Alinitazama, nami nikamtazama. Niliona mdomo wake ukifunguka, nikajua neno linalokuja ni Jumanne. Halikuja. Akavuta kiti akakaa kando ya mama yake, akaanzisha wimbo.

Sikuwahi kumsikia akiimba hivyo. Alishika sauti ya chini, akaimba beti zote bila kitabu, na Mama akamfuata macho yamefumbwa. Nikaifunika cherehani. Walipofika kwenye sala, lile ombi la yule mtoto halikuwamo. Badala yake Mama alishukuru.

Baadaye jikoni nilimuuliza mume wangu kwa kunong'ona kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningemwambia, angebaki na nini?" Nikamuuliza kesho atakapotaka kwenda kanisani akalikuta limefungwa itakuwaje, na watu wa njiani watamwambia nini. Akakuna kichwa. Alfajiri akaondoka kwenda kazini. Wanaume ni hodari wa kuanzisha wimbo, wa kuumaliza utamtafuta.

Jumatano asubuhi mavyaa alikuwa tayari, gauni jeupe na viatu vinang'aa, anauliza kwa nini mimi sijatoka kumsindikiza mpaka barabarani kama kawaida. Nikamwambia nakuja. Nikapita kwenye upenyo wa ua wa makuti mpaka kwa bi mkubwa, nikamwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nikamweleza yote. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ni sisi tuliompoteza, wallahi," akasema. "Ametufuata sisi."

Nikamuuliza nifanye nini. Nikimwambia ukweli atajua akili imemtoka na mtaa mzima umemwona. Nisipomwambia, nitakuwa namdanganya mtu mzima juu ya jambo analolipenda kuliko yote. Tena msingi wenyewe wa jambo hili ni amri kumi, na uwongo nao umo humo humo umekatazwa.

"Usimwambie urongo," akasema bi mkubwa. "Tafuta neno la kweli, umwambie hilo."

Nililitafuta njiani nikirudi, na kumbe nilikuwa nalo miaka yote. Nikamwambia, "Mama, leo tusiende. Leo nataka ukae hapa unifundishe Sabato yako, toka asubuhi mpaka unapoifunga. Naiuliza maswali kila siku lakini sijawahi kukaa nayo."

Niliona anafurahi na anajizuia kuonyesha. Akavua viatu, akaketi, akaniambia basi nianze kwa kuacha kushikashika hicho kitambaa, maana mikono yangu ilikuwa tayari inakunja pindo la kitambaa cha meza.

Hilo ndilo lililokuwa gumu kwanza, mikono. Asubuhi yote iliona kazi kila mahali. Iliona kifungo kilicholegea, uzi sakafuni, kikombe kisichooshwa. Na nje dunia ilikuwa katikati ya wiki. Fundi wa vyuma alikuwa anachomelea mageti, wauza maji walipita na mikokoteni yao, mwenye samaki akaita mpaka akachoka. Wateja wawili wakaja na vitambaa, nikawaambia leo hatushoni. Mmoja akaniuliza, fundi, jana ilikuwa Idi, leo ni nini? Nikamwambia leo nimepumzika. Akaniangalia kwa wasiwasi akauliza kama naumwa.

Tulisoma, yaani nilimsomea, yeye akawa anajua neno linalofuata kabla sijalifikia. Tulikula maharagwe ya jana. Tulilala mchana kwenye mkeka, jambo ambalo sikumbuki kulifanya tangu nijifungue. Nilipoamka nilikuwa sina haraka, na nilishangaa. Jumamosi ngapi nilikaa bila kushona nikidhani nimepumzika, kumbe nilikuwa nangoja tu, nimenuna. Nikajiuliza, ikiwa siku yenyewe si yenyewe, hiki nilichopata ni nini?

Alasiri bi mkubwa akabisha hodi. Hakuleta sinia wala mfuko, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Akasema amekuja kukaa tu. Wakakaa, wakazungumza juu ya magoti na juu ya watoto wasiopiga simu. Siku ya pili ya Idi, nyumba yake imejaa wageni, naye alikuwa kwetu akishika Sabato ya watu. Alipoondoka alinifinya mkono.

Hapo ndipo mavyaa aliponifundisha amri zenyewe, kwa vidole. Akaniambia nitazame, karibu zote zinakukataza, usifanye hili, usifanye lile. Hii ya siku haianzi hivyo. Inaanza kwa kukuambia ukumbuke.

"Kuua ni vibaya, hakuna anayesahau," akasema. "Lakini siku inateleza. Mungu alijua sisi ni wasahaulifu."

Ningeweza kunyamaza, lakini mimi na kunyamaza hatujuani. Nikamuuliza, na mtu akisahau bila kukusudia?

Alikuwa anavitazama vidole vyake alivyokuwa akihesabia.

"Hilo nimekuwa nikijiuliza mwenyewe," akasema. "Kufa siogopi. Naogopa nitakuja kuivunja, nikae sokoni nanunua vitunguu siku ya Sabato, na nisijue."

Jua lilipotua aliifunga kwa wimbo, sisi wawili, nami nikiimba vibaya. Nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso nikatoka.

Alhamisi ikawa kichekesho, kama mtu ana moyo wa kucheka. Kwa hesabu yake ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Akaja mara ya kwanza kuniuliza kama siendi kanisani kwangu. Nikasema leo siendi, na huo ulikuwa ukweli. Akaja mara ya pili akasema kama siku yake siitaki basi angalau ya kwangu niitunze. Mpaka jioni alinung'unika kwamba vijana hawana siku yoyote, na kwamba mimi alikuwa ananitegemea.

Ijumaa adhuhuri spika ikaadhini, na baada ya adhana ikaanza hotuba. Nilikuwa na futi shingoni, nampima mteja. Mavyaa akatoka uani, ungo wa mchele mkononi, akasimama katikati ya jua akiinua kichwa kusikiliza. Wanaume wakapita na kanzu. Aliwafuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia mteja arudi baadaye.

Akaniuliza kama hiyo ni Ijumaa. Nikamwambia ni Ijumaa. Akauliza na ile nyingine. Nilikuwa nimejiahidi kutosema uwongo, nikasema, "Ile ilikuwa Idi, Mama. Ilikuwa Jumanne."

Akaketi kizingitini na ungo wake. Nilikaa karibu naye. Nilidhani atalia, lakini alikuwa anahesabu. Akauliza, siku niliyokufundisha? Nikasema Jumatano. Akauliza, na mwanangu aliimba akijua? Nikasema alijua. Hapo akavuta leso akafunika uso, akakaa hivyo mpaka hotuba ikaisha, nami nikakaa hapo hapo, kwa sababu sikuwa na swali hata moja.

Kisha akainuka akaanza maandalio upya, kwa hasira, akigonganisha masufuria. Alikuwa na haki. Tulikuwa tumemhurumia bila kumuuliza kama anataka kuhurumiwa.

Mume wangu alikuwa amelala, maana Ijumaa hiyo aligeuziwa zamu, akapangiwa usiku. Alasiri alipoamka na kutoka akitafuta viatu vyake vya kazi, alimkuta mama yake amesimama mlangoni. Alimuuliza kama siku ile aliimba akijua ni Jumanne. Akasema alijua. Akamuuliza kwa nini basi hakumwambia.

"Kuna amri inayoifuata hiyo ya Sabato, Mama," akasema.

Niliona kidole cha Mama kikienda. Alihesabu mpaka akaifikia, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Nilidhani itamlainisha. Mavyaa yangu si mtu wa kulainishwa upesi.

"Hiyo ni ya tano," akasema. "Ya tano umeilipa. Ya nne ndiyo ninayokudai." Kisha sauti ikamshuka, akamshika mkono wa shati. "Mimi nitaisahau. Nimeanza kuisahau. Ikumbuke wewe."

Mume wangu alifunga viatu, akachukua kofia yake ngumu, akaenda feri. Zamu ni zamu, na watoto wetu walio shule za bweni wana karo. Jua lilipotua nilifunika cherehani, tukaimba sisi wawili tena. Lile ombi la yule mtoto likarudi kwenye sala, na safari hii nami niliitikia amina kwa nguvu.

Asubuhi mavyaa alikuwa anavaa viatu nilipomsikia mume wangu uani anajimwagia maji. Kwa kawaida akitoka zamu ya usiku huanguka kitandani na nguo zake. Akaingia ananuka sabuni na bado dizeli kidogo, macho mekundu, akavaa shati lililokuwa limepigwa pasi siku ya Jumanne. Akampa mama yake mkono. Nami nikachukua kitambaa changu nikawafuata, kwanza kwa woga kwamba mtu atasema jambo, na pili, sitadanganya, kwa sababu nilitaka kuona.

Kanisa lilijaa. Tukakaa benchi la katikati, Mama kati yetu. Mume wangu aliimba wimbo wa kwanza, akaimba wa pili. Mahubiri yalipoanza kichwa chake kikaanza kwenda mbele, kikarudi, kikaenda tena. Mwisho kikaegemea bega la mama yake kikatulia hapo, na punde akaanza kukoroma. Watu wa mbele wakageuka. Shemasi mmoja akaja kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono amtikise.

Mavyaa akamzuia.

"Mwache alale," akamwambia. "Leo ndiyo siku yenyewe."

Shemasi akarudi mahali pake. Mavyaa akakaa wima, bega likiwa limebeba, akimtazama mhubiri. Baada ya kitambo kidogo akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli leo ni Jumamosi. Nikamwambia ni kweli.